Istilahi za Jicho na Istilahi za Sikio: Theoremu katika Masomo Mafupi ya Video

Kwa muda mrefu kazi ya kusanifu istilahi za sayansi katika Kiswahili imekuwa kazi ya kuandaa orodha. Mtaalamu wa somo huleta dhana, mwanaisimu hupendekeza neno, kamati hujadili, na mwishowe neno huchapishwa likaketi mkabala na mwenzake wa Kiingereza. Ndivyo zilivyopatikana orodha za Tafsiri Sanifu zilizotolewa na Baraza, na ndivyo ilivyopatikana Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyotoka mwaka 1990. Kazi hizo zina heshima yake, na makala haya hayakusudii kuzitia dosari. Tunalotaka kulionyesha ni kwamba zote ziliandaliwa kwa ajili ya msomaji, yaani mtu mwenye ukurasa mbele yake, hali sasa istilahi zilezile zinatakiwa zisikike kwa mtu asiye na ukurasa wowote: mwanafunzi anayetazama somo la dakika tano au kumi katika simu.

Masomo ya namna hii si mageni tena. Huko Marekani, Salman Khan alianza kuyaweka mtandaoni mwaka 2006, na mfano wake ukaigwa duniani kote. Hapa kwetu kipindi cha Ubongo Kids, kilichoanza kuonyeshwa mwaka 2014, kiliwafundisha watoto hesabu na sayansi kwa katuni na nyimbo za Kiswahili. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, masomo yalitangazwa redioni na katika runinga. Hivi leo walimu wengi hujirekodi wenyewe mbele ya ubao na kuziweka kazi zao mtandaoni, na wanafunzi huzipakua palipo na bando kisha wakarushiana.

Tumfikirie mwanafunzi wa kidato cha pili aliyeko Endagikot, katika nyanda za juu za Mbulu, mkoani Manyara. Nyumbani kwao huenda husemwa Kiiraqw, lugha ya jamii ya Kikushi isiyo na udugu wowote na lugha za Kibantu. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili, na hapo ndipo alipojifunza kuhesabu, kugawanya na kupima eneo. Sekondari anasoma hisabati na fizikia kwa Kiingereza, na mtihani wake utakuwa kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiingie katika sekondari, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Basi kijana huyu, akishindwa kuielewa theoremu darasani, hutafuta somo fupi la video. Mwalimu aliyemo ndani ya simu hutaja istilahi kwa Kiingereza, kisha hufafanua kwa Kiswahili, kwa kuwa anajua kuwa ufafanuzi ndio uliomleta mtazamaji. Hapo ndipo Kiswahili kinapofanya kazi ambayo mtaala haukukipa, na kinaifanya bila maandalizi.

Somo la video lina fadhila zake. Laweza kusimamishwa, kurudishwa nyuma na kusikilizwa mara kumi bila mtu kukasirika. Lakini lina upungufu mmoja mkubwa: haliulizwi. Darasani mwalimu akitamka neno lenye utata, mkono hunyanyuliwa, au mwalimu mwenyewe huona nyuso zimekunjamana akarudia kwa maneno mengine. Ndani ya simu neno likipotea limepotea. Kulirudia mara kumi ni kulisikia vibaya mara kumi. Kwa hiyo neno hubeba mzigo mkubwa zaidi kuliko lilivyobeba kitabuni.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni jozi ya kipeo na kipeuo. Kipeo cha pili cha 9 ni 81. Kipeuo cha pili cha 9 ni 3. Katika maandishi maneno haya hayana tatizo, kwani jicho huiona ile irabu moja ya ziada. Lakini yatamke kwa haraka, kupitia kipaza sauti cha simu ndogo, pengine mvua ikipiga bati, na utaona kwamba tofauti baina ya 81 na 3 imening'inizwa katika irabu isiyosikika. Na theoremu ya Pythagoras, ambayo huenda ndiyo theoremu ya kwanza mwanafunzi kukutana nayo kwa jina hilo, inayahitaji maneno yote mawili katika sentensi moja: ili kupata urefu wa upande mkubwa, tunajumlisha vipeo vya pili vya pande mbili ndogo, kisha tunatafuta kipeuo cha pili cha jumla yake. Msikilizaji aliyekosa irabu atafanya kinyume cha alichotakiwa, na hatajua ni kwa nini.

Jozi nyingine ni kigawe na kigawo. Kigawe Kidogo cha Shirika cha 12 na 18 ni 36. Kigawo Kikubwa cha Shirika cha namba hizo ni 6. Hapa tena maana imewekwa katika irabu moja tu ya mwisho. La kufurahisha ni kwamba walimu wa shule za msingi walilitatua jambo hili zamani bila kusubiri kamati. Wao na wanafunzi wao husema KDS na KKS, na vifupisho hivyo husikika vyema hata nyuma ya darasa. Tunalitaja hili kwa sababu linathibitisha kwamba sikio lina haki yake, na lisipopewa hujitwalia. Kipeo na kipeuo havijapata kifupisho cha namna hiyo.

Hatupendekezi maneno haya yabadilishwe. Yamekwisha kukaa vitabuni kwa vizazi kadhaa, na kuyang'oa kungeleta vurugu kuliko manufaa. Tunachopendekeza ni desturi ya usemaji: kila neno la jozi kama hizi litamkwapo, liandikwe papo hapo kwenye kioo, tena lifuatwe na maelezo mafupi. Aseme mwalimu, "kipeuo cha pili cha 9, yaani ile namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe huleta 9." Maneno tisa ya ziada ni sekunde chache, na hakuna somo ambalo ni fupi kiasi cha kukosa sekunde hizo.

Sasa tugeukie neno theoremu lenyewe, ambalo baadhi ya wasomaji watakuwa wamelitazama kwa jicho la shaka tangu kichwani mwa makala. Katika masomo ya Kiswahili dhana hii hupewa majina kadhaa. Mmoja husema kanuni ya Pythagoras, mwingine nadharia ya Pythagoras, na wa tatu hulichukua neno la kigeni na kulitohoa. Mtu aweza kusema majina ni majina tu, na kwamba pembetatu haibadiliki kwa kuitwa hivi au vile. Hilo ni kweli kwa pembetatu. Kwa mwanafunzi si kweli.

Neno nadharia katika matumizi ya kila siku limekwisha kupata harufu ya jambo lisilo hakika. Tunasema "hayo ni ya nadharia, katika utendaji mambo ni mengine." Mwanafunzi akiambiwa nadharia ya Pythagoras, hataona ajabu kusikia kwamba siku moja imepatikana pembetatu isiyoitii. Lakini pembetatu hiyo haitapatikana katika jometri ya bapa tunayoifundisha, kwa sababu jambo hilo halikukisiwa. Limetolewa hatua kwa hatua kutoka katika mambo yaliyokubaliwa mwanzoni. Neno kanuni nalo lina kazi nyingi mno. Ni kanuni za mchezo, ni kanuni za utumishi, ni kanuni ya kutafuta eneo la mduara, ni kanuni za Newton. Watumishi wa serikali wanajua vyema kwamba kanuni huweza kurekebishwa kwa tangazo. Neno sheria, ambalo wengine hulitumia kwa Newton, lina hatari hiyo hiyo, na zaidi, maana hutungwa bungeni.

Kwa maoni yetu, mgawanyo ufuatao ungefaa. Theoremu iwe ni kauli ya hisabati ambayo imethibitishwa kwa hoja. Kanuni iwe ni kauli ya fizikia inayoeleza jinsi maumbile yanavyoonekana kuenenda kila yanapopimwa, kama zile tatu alizozitangaza Newton mwaka 1687. Fomula iwe ni ile njia fupi ya kukokotoa, iliyoandikwa kwa herufi na alama. Nadharia ibaki kwa mfumo mpana wa maelezo unaozifunga kanuni nyingi pamoja. Tunajua kwamba wapo watakaolalamika kuwa theoremu na fomula ni maneno ya kigeni. Ndiyo, ni ya kigeni, kama zilivyo aljebra na jometri, na kama lilivyokuwa neno hisabati lenyewe lilipopanda majahazi. Namba shufwa na witiri zilitujia kwa Kiarabu na hazikutudhuru. Ni kweli pia kwamba tulipotaka tuliweza kutafuta nyumbani: namba tasa, ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, ni istilahi ambayo lugha nyingi zingeionea wivu. Lakini mwanafunzi wetu atakutana na theoremu kwa Kiingereza katika chumba cha mtihani, na sauti ya neno la Kiswahili ikimkumbusha sauti ya lile la Kiingereza, tumempunguzia safari moja.

Jambo kubwa zaidi, na ndilo lililotusukuma kuandika, ni kitenzi kuthibitisha. Katika masomo mengi ya video mwalimu huchora pembetatu yenye pande za sentimita 3, 4 na 5. Hukokotoa: 9 na 16 ni 25, na 5 mara 5 ni 25. Kisha husema, "Hivyo tumethibitisha theoremu ya Pythagoras." Hakuthibitisha kitu. Ameonyesha kwamba pembetatu moja imekubali. Hata angechora pembetatu elfu moja na kuzipima zote, angekuwa amezikagua elfu moja na kuziacha zisizo na idadi.

Wasomaji wetu walio katika utumishi wa umma watalielewa jambo hili haraka. Mtumishi mpya huajiriwa, hukaa katika kipindi cha majaribio, na akionekana mwema huthibitishwa kazini. Hiyo ndiyo maana ya kuthibitisha iliyoenea katika lugha yetu: kujaribu kwanza, kisha kuridhika. Vivyo hivyo taarifa huthibitishwa na msemaji, na kifo huthibitishwa na daktari. Lakini theoremu haithibitishwi kazini. Haipewi kipindi cha majaribio. Huthibitishwa mara moja, kwa hoja inayozishika pembetatu zote za namna ile kwa mkupuo mmoja.

Na hapa ndipo video ingeweza kufanya kazi ambayo ubao hauwezi. Chukua pembetatu nne zinazolingana, kila moja ikiwa na pembemraba, na pande zake tuziite a, b na c, c ikiwa ndiyo ndefu. Zipange kwenye pembe nne za mraba mkubwa wenye upande wa a + b. Katikati hubaki umbo lenye pande nne, kila upande ukiwa c. Sasa zisogeze pembetatu hizo ndani ya mraba uleule ziungane mbili mbili na kufanya mistatili miwili. Nafasi iliyobaki sasa ni miraba miwili midogo, mmoja wa upande a na mwingine wa upande b. Mraba mkubwa haukubadilika, pembetatu hazikubadilika, kwa hiyo nafasi iliyobaki mara ya kwanza ni sawa na iliyobaki mara ya pili: a² + b² = c². Picha inayosogea huonyesha jambo hili kwa nusu dakika, na mtazamaji hulikumbuka miaka mingi.

Hata hivyo picha peke yake haijamaliza. Ni nani aliyetuambia kwamba lile umbo la katikati ni mraba, na si umbo lililopinda kidogo? Lazima mwalimu aseme kwamba pembe mbili ndogo za pembetatu yetu zikijumlishwa hufanya nyuzi 90, na kwa kuwa mstari ulionyooka ni nyuzi 180, pembe inayobaki kwa umbo la katikati ni nyuzi 90 kamili. Maneno hayo machache ndiyo uthibitisho. Mengine ni mandhari. Bahati mbaya ndiyo yanayokatwa kwanza mtengenezaji anapotaka somo liwe fupi, kwa sababu jicho limekwisha kushawishika.

Tulifikiria kama dhana hii isingepewa neno ithibati, ili uthibitisho ubaki kwa matumizi ya kawaida. Lakini ithibati nayo imekwisha kuchukuliwa na vyombo vinavyotambua vyuo na wanataaluma, na kuirudisha itakuwa shida. Basi tunaona afadhali, ndani ya somo la hisabati, kuthibitisha kuachiwe hoja peke yake; anayepima na kulinganisha aseme anahakiki; na anayechora pembetatu moja ili watu waone aseme anatoa mfano. Hakuna neno jipya hapa. Ni nidhamu tu ya kuyatumia yaliyopo.

Kuna neno lingine linalohitaji nidhamu hiyo, nalo ni kinyume. Fundi mwashi anapoweka msingi wa nyumba, hupiga mambo, akafunga kamba, akapima futi 3 upande mmoja na futi 4 upande wa pili, kisha akaangalia kama umbali wa kukingamisha ni futi 5. Ukiwa 5, husema kona imekaa skwea. Watu husema fundi ametumia theoremu ya Pythagoras. Kwa hakika hakuitumia hiyo. Theoremu inasema: pembe ikiwa mraba, basi vipeo vya pili vitalingana namna hii. Fundi ameanzia upande wa pili: vipeo vya pili vimelingana, basi pembe ni mraba. Hilo ni jambo jingine, nalo lina uthibitisho wake. Si kila kauli hubaki kweli ikigeuzwa. Kila mkazi wa Endagikot ni mkazi wa Mbulu, lakini si kila mkazi wa Mbulu anakaa Endagikot. Kila namba inayogawanyika kwa 6 hugawanyika kwa 2, lakini 8 inagawanyika kwa 2 na haigawanyiki kwa 6.

Kauli hiyo iliyogeuzwa, masomo mengi huiita kinyume cha theoremu. Lakini katika lugha ya watu wote, kinyume cha jambo ni kulikana. Zaidi ya hayo, katika fizikia mwanafunzi huyohuyo huambiwa kwamba kila tendo lina mwitiko ulio sawa nalo na ulio kinyume chake, yaani unaoelekea upande wa pili. Neno moja limefanywa kukana, kugeuza na kuelekeza. Tunapendekeza kinyume kibaki kwa mwelekeo. Kukana kuitwe ukanushi, neno ambalo walimu wa sarufi wanalijua. Na theoremu iliyogeuzwa iitwe mgeuzo. Mgeuzo wa theoremu ya Pythagoras ndio ulionyoosha kona za nyumba zetu.

Kuhusu kani, nguvu na nishati hatutasema mengi, maana yamejadiliwa mara nyingi. Neno kazi ndilo lenye kisa. Mama aliyesimama na ndoo ya maji kichwani akisubiri mlango ufunguliwe haifanyii ndoo ile kazi yoyote, kwa maana ya fizikia, kwa kuwa ndoo haisogei. Akiipandisha ndoo ya lita 20 mlimani hadi kimo cha mita 15, ameifanyia kazi ya karibu jouli 3,000. (Tunaandika jouli, asije mtu akadhani ni mwezi wa saba.) Mwalimu akisema tu "mama huyu hafanyi kazi," mtazamaji wa Mbulu, ambako maji hupandishwa vilima, atacheka au atakasirika, na vyote viwili vitamtoa katika somo. Akisema "haifanyii ndoo kazi," amesalimika. Kitenzi cha kutendea kimeokoa fizikia.

Mwisho tuna jina la nyumbani. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu wa Shule ya Sekondari Magamba, aligundua alipokuwa akitengeneza aiskrimu kwamba mchanganyiko wa maziwa ulioingizwa katika jokofu ukiwa moto uliganda kabla ya ule uliopoa. Alichekwa alipouliza. Baadaye alimuuliza Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye hakucheka bali alipima, na mwaka 1969 makala yao ikatoka katika jarida la ufundishaji wa fizikia. Dunia nzima inalijua jambo hilo kwa jina la Mpemba. Sisi tunaliitaje? Wengi hutafsiri "athari ya Mpemba." Lakini athari siku hizi ni za mafuriko na za ukame, tena Mpemba ni mwenyeji yeyote wa Pemba. Asikiaye bila kuona atauliza huyo Mpemba kamdhuru nani. Tokeo la Mpemba ni afadhali. Wala lisiitwe theoremu au kanuni, kwa kuwa wanafizikia bado wanabishana kama hutokea kila mara, na kwa sababu gani.

Je, mapendekezo kama haya yatawafikiaje wanaotengeneza masomo? Tuna mfano wa kututia moyo. Neno kishikwambi lilipotolewa, wengi walilicheka. Kisha vifaa vyenyewe vikatumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vikagawiwa walimu, na neno likaingia madarasani pamoja na kitu. Istilahi za theoremu nazo zitaenea zikisafiri ndani ya masomo yenyewe, kwa sauti ya mwalimu anayependwa, kuliko zikikaa katika kijitabu kabatini. Kwa hiyo tunawaomba wale wanaojirekodi watuletee maandishi ya masomo yao kabla ya kurekodi, hata yakiwa ya ukurasa mmoja. Nao walimu wa hisabati na fizikia walioko wilayani tunawaomba watuandikie jinsi wanavyoisoma kwa sauti alama ya kipeuo mbele ya wanafunzi: watuletee neno wanalolitamka, si lile wanaloliandika ubaoni.